Hakuna Anayetuficha Chanjo ya HIV, Shida Ni Kirusi Chenyewe

Wasee, leo tuongee kuhusu hii stori ya kwamba chanjo ya HIV iko, ila imefichwa mahali.

Nimeisikia kwa kinyozi. Nimeisikia kwa matatu, jamaa wawili wamekaa siti ya nyuma wakikubaliana kabisa. Iko kwa grupu ya WhatsApp ya familia yetu. Na kila nikiweka video kuhusu afya, lazima mtu aiandike hapo chini. Hoja yenyewe ni fupi na inaingia kichwani haraka: Covid ilitokea mwisho wa 2019, na kufika Desemba 2020 watu walikuwa tayari wanadungwa chanjo. Kirusi cha HIV kiligunduliwa 1983. Miaka zaidi ya 40 na bado hakuna kitu. Kwa hivyo wanayo, ila wanataka kutuuzia dawa.

Sitaki kumcheka mtu anayesema hivyo. Ukiweka hizo tarehe kando kwa kando, swali linajileta lenyewe. Pia si uongo kwamba kampuni za dawa hupenda pesa, na si uongo kwamba ARV zilikuwa ghali sana wakati watu wetu walikuwa wanazikwa kila Jumamosi. Kushuku si ujinga.

Lakini jibu la kweli ni tamu kuliko hiyo njama, na sehemu yake kubwa imetoka hapa hapa Nairobi. Nimesoma hii kitu kwa muda. Mimi si daktari, na sijawahi kuvaa koti jeupe tangu nimalize maabara ya kemia ya Form Four. Lakini nimeelewa kitu kimoja ambacho natamani kila mtu angeelewa.

Chanjo ni mwakenya.

Unajua mwakenya. Karatasi ndogo ya kuingia nayo kwa mtihani. Chanjo inaupatia mwili wako majibu kabla mtihani haujafika. Sasa majibu ya mwakenya hutoka wapi? Kwa mtu aliyepita. Ndui iliua mamilioni, lakini waliopona hawakuugua tena. Surua ni vilevile, ukipona umepona. Hata Covid, watu wengi sana waliugua, mwili ukapigana, kirusi kikaisha. Kwa hivyo wanasayansi walikuwa na uhakika wa jambo moja kabla hawajaanza kazi: mwili wa binadamu unaweza kushinda hiki kitu. Kazi yao ilikuwa kunakili ushindi.

HIV ni mtihani ambao darasa zima limefeli. Mwili wenyewe, bila dawa, hauitoi. Kuna watu wachache, chini ya mmoja kwa kila mia walioambukizwa, ambao miili yao hukikandamiza kirusi kwa miaka bila ARV, lakini hata wao karibu wote bado wanacho ndani. Sasa niambie, kama hakuna aliyepita, utanakili kwa nani?

Hiyo ndiyo sababu kubwa. Zingine zote zinatoka hapo.

Wacha nieleze vile kirusi chenyewe hufanya kazi, na nitajaribu kutumia lugha yetu.

Kwanza, kinabadilika kupita kiasi. HIV ikiingia kwa seli hujinakili, na mashine inayoitumia kujinakili haina mtu wa kukagua makosa. Ni kama notsi za historia zilizonakiliwa kutoka daftari hadi daftari. Ya kwanza iko sawa, ya kumi imeandika Jomo Kenyatta alizaliwa Mombasa. Kwa mtu ambaye hajaanza dawa, virusi vipya mabilioni vinazaliwa kila siku, na vingi vina kosa dogo mahali. Wanasayansi waliwahi kulinganisha wakaona kwamba tofauti za HIV ndani ya mtu mmoja aliyeishi nayo miaka michache zinaweza kufikia tofauti za kirusi cha mafua dunia nzima kwa mwaka mmoja. Mtu mmoja! Na ujue chanjo ya mafua yenyewe hubadilishwa kila mwaka kwa sababu hiyo.

Halafu kuna koo. HIV ya Kenya kwa kiasi kikubwa ni aina A. Kusini mwa Afrika imejaa aina C. Ulaya na Marekani ni aina B. Ukitengeneza chanjo kwa kuangalia moja, huna uhakika itatambua nyingine.

Pili, kimevaa sare yetu. Sehemu ya kirusi ambayo kingamwili zinafaa kuishika ni miiba midogo iliyo juu yake. Hiyo miiba imefunikwa na sukari. Na hiyo sukari si ya kirusi, ni ya mwili wako mwenyewe, imebandikwa na seli zako wakati kirusi kilikuwa kinatengenezwa ndani yake. Kwa hivyo mfumo wako wa kinga ukiangalia, unaona kitu cha nyumbani. Ni mwizi aliyeingia kwa ploti akiwa amevaa yunifomu ya soja wa geti. Tena miiba yenyewe ni michache, takriban 14 kwa kirusi kimoja, wakati kirusi cha mafua kina mamia. Hakuna pa kushika.

Tatu, kinashambulia polisi. Seli ambazo HIV inapenda kuingia ni CD4, zile zinazoamuru jeshi la kinga lifanye nini. Chanjo hufanya kazi kwa kuziamsha hizo hizo. Kwa hivyo ukiamsha vibaya, unaweza kuwa unamwekea mwizi chakula mezani. Hilo si jambo la kuwaza tu. Mwaka wa 2007 jaribio kubwa lililoitwa STEP lilisimamishwa, na data ilipoangaliwa, baadhi ya wanaume waliodungwa chanjo walionekana kuambukizwa zaidi kuliko wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa. Chanjo yenyewe haikuwa na kirusi cha HIV, haingeweza kumwambukiza mtu. Lakini ilionyesha kwamba kuamsha kinga si lazima kuwe kulinda.

Nne, na hii ndiyo ilinifungua macho, hakuna muda. Watu wengi hudhani chanjo huzuia kirusi kisiingie kabisa. Nyingi hazifanyi hivyo. Ulichanjwa Covid na bado ukashikwa na homa siku tatu, si ndiyo? Chanjo ilifanya kazi. Kirusi kiliingia kidogo, mwili ukakumbuka, ukakifagia kabla hujalazwa. HIV haikupi nafasi ya kufagia baadaye. Ndani ya siku chache inajishona ndani ya DNA ya seli zako, na zingine za hizo seli hulala miaka na miaka zikiwa nayo. Ikishafika hapo, hata kingamwili bora haziioni. Kwa hivyo chanjo ya HIV inatakiwa kuwa tayari mlangoni, imejaa, siku ile ile, kila mara. Hakuna chanjo nyingine tunayoidai kazi ngumu hivyo.

Na usiseme watumie kirusi kilichodhoofishwa, kama ile ya surua. Walijaribu kwa tumbili, na kirusi cha tumbili kinachofanana na HIV. Wengine walilindwa, lakini baadaye wengine waliugua kutokana na kile kile kilichodhoofishwa. Nani atakubali kumdunga mtoto wake kitu kama hicho?

Sasa turudi kwa ile hoja ya Covid, kwa sababu kuna ushahidi ambao huwa nashangaa hautajwi.

Unakumbuka chanjo ya Johnson & Johnson? Ile ya sindano moja, tulidungwa nayo hapa Kenya 2021. Ile kampuni ilikuwa imebeba maagizo ya chanjo ndani ya kirusi cha homa kisichoweza kuzaana, kinachoitwa Ad26. Ukitaka kuelewa rahisi, Ad26 ni boda, na mzigo ni picha ya adui. Boda hiyo hiyo, ya kampuni hiyo hiyo, ilikuwa pia imebeba mzigo wa HIV katika jaribio lililoitwa Imbokodo. Wanawake vijana karibu 2,600 walijitolea kutoka Afrika Kusini, Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe. Agosti 2021, mwaka ule ule ambao boda ya Covid ilikuwa inaokoa watu, matokeo ya HIV yalitoka: kinga ya karibu asilimia 25, kiwango ambacho kitakwimu hakiwezi kutofautishwa na bahati. Jaribio la pili la aina hiyo, Mosaico, lililofanywa Amerika na Ulaya, lilisimamishwa Januari 2023.

Teknolojia moja, kampuni moja, wakati mmoja. Kwa Covid ikafanya kazi, kwa HIV ikagonga ukuta. Kama shida ingekuwa kuficha, kwa nini watumie pesa na miaka, halafu wasimame mbele ya dunia kutangaza kwamba wamefeli? Wenye bidhaa ya kuuza hawafanyi hivyo.

Na si hao peke yao. Aprili 1984, waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wanatumaini kuwa na chanjo tayari kwa majaribio ndani ya miaka miwili hivi. Hawakuwa wanadanganya. Walidhani ni kirusi kama vingine. Mwaka wa 2009 Thailand ilitoa matokeo ya jaribio lenye watu zaidi ya 16,000, na kinga ikawa karibu asilimia 31. Hadi leo hiyo ndiyo matokeo bora ya jaribio kubwa, na haikutosha. Afrika Kusini wakaichukua hiyo chanjo, wakaibadilisha ilingane na aina C, wakaiita Uhambo, maana yake safari. Watu zaidi ya 5,400 walijitolea. Februari 2020 ikasimamishwa: waliochanjwa na kuambukizwa walikuwa 129, wasiochanjwa 123. Yaani hakuna tofauti. Kisha PrEPVacc, iliyofanywa Masaka kule Uganda, Mbeya na Dar es Salaam, na Durban, ikiongozwa na watafiti Waafrika. Mwisho wa 2023 nayo ikaacha kudunga watu, kwa sababu hakukuwa na matumaini kwamba ingefanya kazi.

Hiyo orodha inaumiza. Lakini kila jina hapo ni mlango uliofungwa hadharani ili mwingine asipoteze muda kuugonga.

Sasa tuje nyumbani. Majengo, Pumwani. Ukitoka Gikomba unatembea tu.

Kuanzia miaka ya 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wale wa Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer, walikuwa wanafuatilia afya ya wanawake waliokuwa wanafanya kazi ya ngono Majengo. Wengi wao waliambukizwa, hilo lisisahaulike. Lakini kulikuwa na kikundi kidogo cha wanawake waliopimwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, na hawakuwa na virusi. Wakati huo dawa hazikuwepo. Kwa hesabu ya kawaida walifaa kuwa wameambukizwa mara nyingi.

Unaona umuhimu? Darasa zima limefeli, halafu mtu anasema, ngoja, kuna wanafunzi wachache pale nyuma, Majengo, wanaonekana kama wamepita.

Damu yao ilionyesha kwamba baadhi walikuwa na seli za kinga, zinazoitwa seli T, ambazo zilikuwa zinatambua HIV, kumaanisha zilikuwa zimewahi kukutana nayo. Kutokana na wazo hilo, watu wa Oxford na Nairobi walitengeneza chanjo kwa kutumia aina A, ile yetu. Mwaka wa 2001 ikaanza kujaribiwa hapa Nairobi, chini ya mradi unaojulikana kama KAVI, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Likawa jaribio la kwanza la chanjo ya HIV nchini. Lilikuwa na Wakenya waliojitolea, waliotoa mkono wao wakati ambapo kusema tu neno Ukimwi mtaani ilikuwa ni kujitafutia kutengwa.

Chanjo ilikuwa salama. Lakini haikuamsha kinga ya kutosha, na kufika 2004 ilikuwa wazi kwamba haitaenda mbali. Na kuna jambo lingine walilojifunza kutoka kwa wanawake wa Majengo ambalo linanifanya nikae kimya kila nikilifikiria. Baadhi ya wale waliokuwa wameonekana kuwa na kinga waliambukizwa baadaye, na ilihusishwa na wao kupunguza ile kazi kwa muda. Yaani kinga yao ilionekana kuhitaji kukumbushwa kila mara na kirusi chenyewe. Walipopumzika, ikafifia. Mwanamke anaacha kazi ngumu kidogo, labda amepata biashara ya mboga, labda ameenda ushago kuona mama yake, na akirudi ule ulinzi umeenda.

Kwa wanasayansi hilo lilikuwa somo kubwa: kinga ya HIV isiyodumu si kinga. Kwa hao wanawake yalikuwa maisha.

Profesa Job Bwayo, aliyeongoza KAVI tangu mwanzo, hakuishi kuona mwisho wa hii hadithi. Aliuawa na majambazi wa kuteka magari Februari 2007. Wenzake waliendelea. Ndiyo maana mtu akiniambia "wazungu wanaificha" nasikia uchungu kidogo. Unafuta watu. Unamfuta Bwayo. Unawafuta wanawake wa Majengo waliopanga foleni kliniki kutoa damu miaka nenda miaka rudi, na hakuna barabara iliyopewa majina yao.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiichukulie hii stori kama mzaha.

Binamu yangu alizaliwa na virusi mwishoni mwa miaka ya 90, wakati dawa za kuzuia mama asimwambukize mtoto hazikuwa zimefika sehemu nyingi za nchi. Tumelelewa nyumba moja. Ameniruhusu kuandika haya bila jina. Akiwa Form Three, mtu aliyemwamini alimwambia kwamba tiba kamili na chanjo ziko, wakubwa wanazo, na hizi tembe ni za kumweka mgonjwa milele ili watu wapate pesa. Akaacha kumeza. Hakutuambia. Baada ya miezi kadhaa alikuwa wodini na TB, amekonda mpaka mathe wangu alikuwa anambeba kumpeleka bafuni. Alipona, akarudi kwa dawa, na leo anameza tembe moja kila usiku saa tatu. Wingi wa virusi umeshuka hadi kipimo hakivioni, na kwa hali hiyo hawezi kumwambukiza mpenzi wake kupitia ngono. Hiyo ni sayansi iliyothibitishwa, si kumpa moyo tu. Ana mtoto, na mtoto hana virusi.

Juzi aliniuliza, "Hiyo chanjo yako unayoisoma usiku, ikija itanisaidia mimi?"

Nilimwambia ukweli. Ile ya kuzuia haitamwondolea, kwa sababu ya zile seli zinazolala na kirusi ndani ya DNA. Ni ya mtoto wake. Akacheka akasema, "Basi waharakishe, huyu ako Grade One na ako na mdomo."

Kwa hivyo kuna matumaini? Yako, na si ya kubahatisha kama zamani.

Kumbuka nilisema hakuna aliyepita mtihani. Kuna watu waliopata alama nzuri wakichelewa. Baadhi ya walioambukizwa, baada ya miaka, miili yao hutengeneza kingamwili za ajabu zinazoweza kushika aina nyingi sana za HIV kwa wakati mmoja, kwa sababu zinashika zile sehemu chache ambazo kirusi hakiwezi kubadilisha bila kujiumiza. Kwa wao ni kuchelewa, kirusi kilichomo kimeshatoroka. Lakini sasa angalau kuna karatasi ya kunakili.

Ugumu ni kwamba hizo kingamwili hazitokei siku moja. Seli inayoweza kuzitengeneza ni nadra sana mwilini, na inabidi ibadilike mara nyingi kabla ifike pale. Kwa hivyo wazo jipya ni kuupeleka mwili shule. Sindano ya kwanza inatafuta zile seli nadra na kuziandikisha PP1. Sindano nyingine, tofauti, inazipeleka primary. Nyingine, sekondari. Hadi zifuzu. Jaribio la kwanza la hatua ya kuandikisha lilifanywa Marekani, na kati ya watu 36 waliodungwa, 35 walionyesha kwamba seli sahihi zimeamka. Matokeo yalichapishwa 2022. Kisha wakajaribu kwa mRNA, na safari hii Rwanda na Afrika Kusini wakiwemo. Matokeo ya 2025 yakaonyesha kwamba karibu wote kati ya 18 waliochunguzwa waliitikia. Baadhi ya watu katika jaribio la Marekani walipata muwasho na vipele vya ngozi, na hilo bado linachunguzwa.

Tusijidanganye, kuandikishwa PP1 si kuhitimu. Hakuna aliyelindwa bado. Lakini kwa mara ya kwanza wanasayansi wanajua wanafundisha nini.

Halafu pesa ikakatwa.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mradi ulioitwa BRILLIANT, ulioongozwa na Profesa Glenda Gray wa Afrika Kusini na kuwashirikisha watafiti wa nchi kadhaa za Afrika, ukasimama ukiwa karibu kuanza kudunga watu. Mei mwaka huo vituo viwili vikubwa vya utafiti wa chanjo hii Marekani vikaambiwa ufadhili wao hautaendelezwa. Ukitaka njama, hiyo hapo, na haikufichwa, ilitangazwa mchana. Hakuna aliyeweka chanjo kabatini. Watu wamefungiwa maabara kabla hawajaimaliza.

Najua kuna mtu atauliza kuhusu sindano ya lenacapavir, ile ya mara mbili kwa mwaka. Mtaani wengi wanaiita chanjo. Si chanjo. Ni dawa ya kuzuia, ni PrEP, ila badala ya tembe kila siku ni sindano kila miezi sita. Na inafanya kazi kwa kiwango cha kushangaza: katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililotoa matokeo 2024, kati ya wanawake vijana 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sufuri. Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizopangiwa kuipata mapema.

Sasa si hiyo inatosha? Hapa ndipo mimi nina maoni yangu. Inatosha kuokoa watu leo, na kila anayeihitaji anafaa kuipata bila kuangaliwa vibaya. Lakini dawa hulinda ikiwa mwilini tu. Miezi sita ikiisha, lazima urudi. Na ili urudi, lazima kliniki iwe wazi, shehena iwe imefika, mfadhili awe hajabadilisha mawazo, na wewe uwe hujahama kwenda kutafuta kazi Dubai. Tumeona 2025 vile hiyo minyororo hukatika kwa barua moja. Chanjo hukaa kwa kumbukumbu ya mwili wako. Hakuna rais wa nchi yoyote anayeweza kuisaini itoke.

Cha ajabu ni kwamba hii sindano nzuri inafanya chanjo iwe ngumu zaidi kujaribu. Ni makosa kumwacha mtu aliyejitolea bila kinga nzuri iliyopo. Kwa hivyo utampatia PrEP. Akiwa na PrEP hataambukizwa, na hiyo ndiyo tunataka. Lakini sasa utajuaje kama ni chanjo iliyomlinda? Utahitaji watu wengi zaidi na miaka zaidi. Na wale watu ni sisi, vijana wa Nairobi, Kisumu, Masaka, Mbeya.

Ndiyo maana imani ni sehemu ya sayansi. Chanjo ya HIV ikija, itakuja kwa sababu maelfu ya vijana Waafrika walikubali kukaa kwa kiti na kunyoosha mkono, baada ya kuuliza maswali yote na kujibiwa. Uliza nani anafadhili. Uliza utalindwa vipi. Uliza damu yako inaenda wapi, na ikipatikana kitu, Kenya itapata nini. Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili. "Wanaificha" si swali. Ni mlango umefungwa, na gharama yake nimeiona kwa kitanda cha wodi.

Na tuwaulize wetu pia. Mwaka wa 2001, mwaka ule ule Wakenya wa kwanza walipodungwa ile chanjo ya majaribio, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi imebaki karatasi. Kama hatutaki chanjo yetu itegemee hasira za mtu wa Washington, basi maabara zetu lazima ziwe na pesa zetu.

Mpaka hapo, vitu vilivyopo vinafanya kazi. Pima ujue hali yako. Kondomu bado ni kondomu. PrEP iko Kenya tangu 2017. PEP iko, ukiwahi ndani ya saa 72. Kama unameza ARV, meza, usiache kwa sababu ya stori ya matatu.

Unapinga? Sawa kabisa, niandikie. Lakini uje na hoja, na ukija, niambie kwanza hao wanaoificha walinakili kwa nani.